Unguja Hakuna Zizi

Mandewa, Jumapili

Na huyu ndiye aliyepelekwa kutembea Unguja! Mume wangu, mpishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, karudi leo, na majirani wakajaa uani kusikia habari za kisiwa.

Jumba la Sultani? "Kubwa, lakini sikuona hata ndama." Mashamba ya karafuu? "Miti mitupu. Utachunga wapi?" Na ufukweni? "Mchanga mweupe, mbuzi atakufa njaa."

Mama mkwe akasikitika: "Maskini, watu wale."

Nilicheka nao, ingawa roho ilikuwa juu. Bwana wake anahamia hukohuko na anataka kumchukua.

Baada ya kula nikamwuliza, "Utamfuata?"

"Ng'ombe wangu nimwachie nani?"

Mimi hakunitaja, wala sikununa. Kesho asubuhi nitawaongezea wale ng'ombe pumba.