Seli za Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Leo seli za mama mdogo zimeanza mlo mpya. Mpaka jana zilikuwa seli shina tu, zinazaana bila kujua zitakuja kuwa nini — kama mimi nilipomaliza shule. Sasa tunazishawishi ziwe mfupa: vitamini C, dawa ya kuziamsha, chumvi ya fosfati. Kila baada ya siku tatu nazipa chakula kipya.

Zikikubali, daktari atazipandikiza kwenye ule mfupa wa muundi uliovunjika ukagoma kuunga mwaka mzima. Zikikataa, atakata mguu chini ya goti. Kasema hivyo mbele yangu, bila kupepesa macho. Na mama mdogo ni fundi wa cherehani ya miguu. Hata koti langu la maabara alilishona yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezilisha. Mama mdogo kapiga simu: watoto wamekula? Ndivyo anavyoziita seli zake. Nikamjibu, wamekula, wameshiba. Anasema amefunika cherehani kwa shuka, akiiona tu anapandwa na hasira.

Jumatano, 12 Machi

Nimeharibu.

Nimefungua friji kuchukua chumvi — chupa haijafunguliwa kabisa. Siku tisa nimepika bila chumvi! Na daftarini nimeweka alama zote za vema. Naziweka tatu kwa mpigo kabla ya kuchanganya, ili niwahi kuondoka. Nilikaa kwenye stuli nikitafuta uongo unaofaa, sikuupata. Nikaenda kwa Profesa, mkuu wa maabara yetu.

Hakunifokea. Akauliza, hivyo viwili vingine viliingia? Viliingia. Basi mafundi wapo kazini, akasema, saruji ndiyo haijafika. Ipeleke leo, tuongeze wiki moja. Kuna wataalamu wanaoichelewesha kwa makusudi, we unadhani umevumbua kosa.

Nililia chooni kwa furaha. Kisha nikapima chumvi. Mara mbili.

Jumapili, 16 Machi

Nimemweleza mama mdogo yote. Akasema: mwanangu, mimi niliwahi kumshonea bwana harusi suruali, miguu yote miwili ya kushoto. Ukafanyaje? Nikafumua, nikashona upya, na ndoa akafunga. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nampenda sana huyu mama.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya rangi. Ni nyekundu, inang'ang'ania chokaa ya mfupa. Pasipo mfupa inaondoka na maji. Tulitenga sahani moja ya seli kwa kazi hiyo.

Sheria ya hapa: matokeo yanataka macho ya watu wawili, na wa kwanza hamwambii wa pili alichokiona. Kwa kuwa mgonjwa ni mama yangu mdogo, macho ya Profesa ndiyo yatakayoandikwa. Yuko kikaoni.

Nimetia rangi, nikaosha. Maji ya kwanza — mekundu. Ya pili — rangi ya waridi. Ya tatu yametoka safi, na chini ya sahani kumebaki wekundu, madoa kwa madoa, sahani nzima. Nimeosha mara ya nne, sikuamini. Umebaki. Mabega yameshuka yenyewe. Sikujua kumbe nilikuwa nimeyapandisha tangu tarehe kumi na mbili.

Ujumbe wa mama mdogo: nifunue cherehani au bado?

Nimeandika "Funua". Sijatuma. Nasikia viatu vya Profesa kwenye korido. Natakiwa nisionyeshe kitu usoni, na huu mdomo unatabasamu, umekataa kufunga.