Amri ya Kufagia

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini mama anaendelea vizuri, mguu umeanza kukanyaga chini, na wewe unayemuuguza unapata usingizi. Huku nyumbani mimi na shemeji tu wazima wa mwili. Maua yako nayamwagilia, ila lile la dirishani limenishinda. Usinigombeze.

Shemeji ameniomba nisikwambie, lakini amesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Kila asubuhi anavaa shati la kazi kisha anakaa sebuleni, kiatu kimoja mguuni. Mimi napita mbele yake kwenda kazini.

Unajua kwamba katika kitengo chetu cha eksirei mimi, shemeji na wenzetu sote tunatumia akaunti moja ya kompyuta. Niliwatengenezea wenzangu amri ndogo, nikaiita fagia: ukiiandika, inafuta picha zote za folda uliyomo. Niliiweka kwenye folda ya takataka, tunamotupa picha zilizoharibika, na iliitika humo humo tu. Mumeo, na haraka zake, mara nyingi aliiandika akiwa kwenye folda nyingine. Kompyuta ilimjibu kwamba haiijui amri hiyo, naye alicheka na kusema hata mashine imemzidi akili.

Jumatatu aliiandika akiwa ndani ya folda ya wagonjwa, na safari hii kompyuta haikukataa. Picha za watu arobaini na mmoja zilifutika, nakala hakuna. Wanaitwa warudi kupigwa picha upya. Mama mmoja aliniuliza kwa nini mwanawe apigwe miale mara ya pili.

Shemeji alimweleza mkuu wa kitengo kwamba aliandika fagia tu, kosa lake la kila siku. Mkuu akafungua dirisha jipya la amri kwenye kompyuta, akaijaribu mwenyewe katika folda ya majaribio. Kompyuta ikajibu haiijui. Mkuu akasema basi shemeji alifuta kwa mkono wake na sasa anaisingizia mashine. Keshokutwa kamati inakaa, na wote wanasema atafukuzwa.

Dada, mumeo hasemi uongo. Wiki iliyopita nilichoka kurudi kwenye folda ile kila mara. Nikaihamishia fagia kwenye folda ya amri zetu, na katika faili la mipangilio ya akaunti nikaongeza mstari mmoja, kompyuta iwe inatafuta amri huko hata mtu akiwa ndani ya folda nyingine yoyote. Nilijiona fundi kweli kweli, wala sikumwambia mtu. Jumatatu niliposikia makelele, kabla mkuu hajafika, niliufuta mstari huo. Alipokuwa akijaribu nilisimama nyuma yake, nikijua kompyuta itakataa, nikanyamaza.

Naogopa, dada. Namwogopa mkuu, naiogopa kamati, na zaidi naogopa uso wako ukifika hapa. Lakini mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Kesho mkuu akiingia tu nitaurudisha mstari ule mbele ya macho yake, kisha nitamwomba aandike fagia. Folda ya kujaribia nimeshaiandaa. Ina picha moja, ile tuliyopiga sisi watatu siku shemeji aliponitafutia kazi hii. Sina nakala yake.

Msalimie mama, umwambie nitampigia simu. Kama utanikasirikia, nikasirikie mimi peke yangu. Naishia hapa kwa sababu shemeji ananiita mezani. Amenipakulia mimi kwanza.

Mdogo wako,
Kidole