Jangwa la Upana wa Kiganja

Mke wangu, roho yangu,

Sisi wazima, na mimi nazidi kupendeza. Uliposema mkataba wako wa kazi huko umeongezwa, binti yako aligoma kula. Basi mimi, fundi rangi ninayeijua dunia, nikamchorea bara zima ukutani aone ulipo. Nilianza na mlima wenye theluji, nikaunogesha mpaka ukameza ukuta. Ziwa kuu likabanwa na dirisha, jangwa likabaki upana wa kiganja. Ng'ambo yake uko wewe, kando ya swichi ya taa.

“Baba, kumbe mama yuko hapo tu!” Akala mpaka akaramba sahani.

Jirani mwalimu anataka nirekebishe ramani. Thubutu! Nami naigusa swichi hiyo hata umeme ukikatika. Njoo uikosoe ramani mwenyewe.

Mumeo, bingwa wa jiografia