Mbuzi wa Balozi Chenge

Ilemela, Mwanza
Jumatano, 22 Novemba 1995

Mpendwa wifi yangu, dada Wilhelmina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe na Mama hapo Busisi, na kwamba mguu wa Mama umepungua kuvimba. Huku kwetu tunaamka. Precious anakohoa kidogo lakini anakula. Bado ananiuliza kwa nini baba haji kuosha brashi zake.

Barua yako nimeipata juzi kwa mkono wa Ngosha wa kivukoni Kigongo. Unasema Yeremia na vijana wa ukoo watavuka Jumamosi kuja kumdai Balozi Chenge damu ya ndugu yao. Nimeisoma mara tatu. Kabla hawajavuka, naomba unisikilize.

Unajua mume wangu Luhende alivyoipenda kazi yake. Miaka yote aliandika majina ya maduka na kuchora ng'ombe kwenye mabucha, na kila ng'ombe alimpa kope ndefu, akisema hata anayekwenda kuchinjwa apewe uzuri wake. Mageuzi yalipokuja, akaanza kuwachorea wapinzani mabango ya kampeni. Lililopendwa zaidi lilikuwa la mheshimiwa mwenye shingo nene, ameketi mezani anakula minofu ya sangara, na chini ya meza wapiga kura wanagombea mapanki, ile mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu. Akaandika: "Asanteni kwa kura, mifupa ipo." Sokoni walicheka wakashika mbavu. Hata Chenge alicheka, nilimwona, kisha akakumbuka kwamba yeye ni balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, akakunja uso.

Septemba Luhende alichukuliwa na polisi, akalala kituoni siku mbili. Alirudi sikio moja halisikii. Nilimsihi aache. Akaniambia, Mama Precious, nikiacha sasa, sikio hili litakuwa limepotea bure.

Gundi nilikuwa naipika mimi, uji mzito wa unga wa muhogo, kwenye sufuria kuukuu aliyonipa Mama. Mwanzoni mabango yalikaa. Baadaye mbuzi wa Chenge wakaanza kuyala. Ukipita asubuhi unakuta mheshimiwa amebaki shingo tu. Watu wakatania kwamba mbuzi nao wamechukua kadi za chama. Chenge akajibu mbele ya watu kwamba mbuzi wake wana adabu kuliko Luhende, na kwamba Luhende akizidi kupanda juu, atashuka bila kupenda. Hayo ndiyo maneno yaliyowafikia ninyi huko.

Luhende aliamini Chenge anawafungulia makusudi. Akasema atabandika mahali ambapo hata mbuzi hawezi kusimama, kwenye ubavu wa lile jiwe kubwa nyuma ya mashine ya kusaga. Jumamosi ile ya Oktoba kulikuwa na manyunyu. Alipanda saa nne asubuhi na kopo lake la gundi, akabandika. Wakati wa kushuka akateleza.

Chenge hakuwa juu ya jiwe, dada. Alikuwa mashineni na debe lake la mahindi, nami nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Yeye ndiye aliyekimbia kwanza, na ndiye aliyeng'oa mlango wa banda la mbuzi wake tukambebea Luhende. Nililisema hilo msibani, Yeremia akanijibu kwamba naogopa chama. Nikanyamaza. Sasa nitakueleza kilichoninyamazisha.

Unakumbuka mwaka nilioolewa, mimi mtoto wa migombani Kagera nisiyejua mifugo, Mama akanifundisha kuwaita mbuzi kwa kumwaga chumvi juu ya jiwe? Walilamba mpaka jiwe likang'aa, nanyi mkanicheka nilivyoshangaa. Basi baada ya lile sikio, nilianza kutia chumvi kwenye gundi. Viganja viwili kila sufuria. Nilitaka mabango yaishe kabla watu hawajayasoma, na wenye hasira wamsahau aliyeyachora. Sikumwambia. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka, anawalaani mbuzi wa watu, nami namshikia maji ya kunawa.

Mbuzi wale hawakuwa na chama, dada. Niliwaita mimi. Na Luhende alipanda jiwe lile kuwakimbia.

Kama Yeremia ana mtu wa kumwuliza, asiupite mlango wangu kwenda kwa Chenge. Mzee yule ana wajukuu wanne ndani. Tafadhali wazuie. Mama umweleze wewe, kwa namna unayoona atabeba.

Uchaguzi umekwisha, mheshimiwa ameshinda, mapanki yapo palepale sokoni. Bango la mwisho limebaki kipande, shingo ile nene. Mvua ikinyesha, mbuzi wa Chenge hukusanyika chini ya jiwe wakilamba maji yanayotiririka, wanatazama juu. Watu hucheka. Precious naye hucheka, na mimi simkatazi.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie Yeremia, kama atazipokea salamu zangu. Na siku mtakapomwombea Luhende, hata kama jina langu litakuwa zito kulitaja, naomba mnikumbuke.

Ni mimi wifi yako,
Leonsia