Baba Anacheza Gemu la Mwana Aliyemfukuza

Mshauri mpendwa,

Nisaidie maana moyo wangu hautulii, mimi ni mpiga pasi kwa dobi na naishi na baba yangu, seremala mstaafu, ambaye tangu mama atutoke alikuwa akishinda dirishani bila neno, basi nikamwekea gemu kwenye tableti, si yale makubwa ya risasi na matangazo, ni gemu dogo lililotengenezwa na mtu mmoja tu, halina kushinda wala kushindwa, unatembea ndani ya nyumba huku mvua inanyesha, unafungua dirisha pazia linapumua, na jikoni kuna mama amekupa mgongo anamenya viazi na kuimba puani, ukisimama kimya anajisogeza kidogo ukae karibu naye.

Mzee amelipenda ajabu. Nikirudi kazini namkuta anatabasamu kama mtu anayeota macho wazi, mvua inanyesha mapajani mwake na nje jua kali. Kinachomkera ni kimoja: "Fundi gani huyu! Bawaba kaweka upande siyo, mlango wa jikoni unagonga kabati!" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mlango wetu wa jikoni aliupachika yeye mwenyewe na unagonga kabati mpaka leo. Nikaenda mwisho wa gemu wanapotajwa waliolitengeneza, nikakuta jina moja: Kijiti. Mama ndivyo alivyomwita mdogo wangu wa kiume, ambaye baba alimfukuza kwa kuikataa randa na kuchagua kompyuta, na kumtaja nyumbani ni marufuku.

Nikisema, naogopa mzee ataitupa tableti pamoja na furaha yake yote, nikinyamaza, mdogo wangu hatajua nani anashinda ndani ya nyumba aliyoijenga. Nifanyeje?

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi,

Pole, dada yangu. Barua yako nimeisoma taratibu, na hiyo mvua nimekuonea wivu. Sasa ngoja nikugombeze. Unamlinda nani? Seremala aliyekula chumvi nyingi hivyo asiutambue mlango wake? Mzee anajua, bibie! Anaulalamikia mbele yako akitumaini utalitaja wewe lile jina, maana marufuku kaiweka mwenyewe na kuivunja anaona aibu.

Gemu kubwa hutengenezwa na umati ili limpendeze kila mtu. Hili ni la mtu mmoja aliyekumbuka kwao, akauacha hata ule mlango ugonge kabati, na kuurekebisha angeweza. Ndiyo maana baba yako habanduki.

Anza na mdogo wako. Watengenezaji wadogo kama yeye husoma wenyewe ujumbe wa wachezaji, hakuna karani katikati. Mwambie kwamba baba anacheza gemu lake, mwombe namba ya simu. Akikupa, kaa na mzee alasiri, useme moja kwa moja: "Baba, hili kalitengeneza Kijiti." Usizungukezunguke, wala usitangulize machozi. Tableti ishike wewe kwanza, hasira hazina macho. Akifoka, mwache amalize. Akinyamaza, piga simu, mpe, kisha toka chumbani.

Na usingoje siku nzuri. Umenitembeza nyumba ile yote, mama nimemwona, baba sijamwona popote. Mdogo wako aisikie sauti ya baba sasa, asije akamchora na yeye kwa kukumbuka tu, kama mama.