Sanda ya Bibi Iliyokwenda Choma

Ng'ambo,
Tabora.
Ijumaa, 10 Mei 1968

Mpendwa Shangazi Mwanamkuu,

Shikamoo. Ninaomba barua hii ikukute mzima, wewe na Haji na watoto wote, na lile goti lililokusumbua ulipokuja kwetu Idi liwe limepoa. Je, mvua za huko Ujiji zimekatika? Ziwa halijapanda hadi kwenye nyumba? Tafadhali niambie, maana siku hizi nikisikia habari ya maji moyo unanienda mbio.

Huku Baba na Mama hawajambo, na mimi sijambo. Ila Bibi ana kikohozi. Kilianza wiki iliyopita, na akikohoa hushika ubavu. Anakula vizuri na bado anatania kila anayepita barazani, kwa hiyo usifunge safari kwa hofu. Lakini yeye ni mama yako, na nimeona si haki nikufiche.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Hakunikataza, ila sijui ningemwambiaje. Nataka habari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa abiria wa treni, kwa sababu inahusu kitu ulichompa Bibi wewe mwenyewe.

Bila shaka mmesikia habari za Choma, kule kwa wafugaji, upande wa Igunga. Mto Manonga ulifurika ukaingia vijijini. Nyumba zimeyeyuka, mtama umeoza ukiwa shambani, na ng'ombe wamesombwa na maji wakiwa bado zizini. Waliopona walipanda juu ya vichuguu, na tumesikia kwamba mama mmoja alijifungulia hukohuko juu, watu wakimshikia ngozi ya ng'ombe asilowe. Tangu nisikie hivyo, kila nikipita penye kichuguu nakipima kwa macho ni watu wangapi wangeenea.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mabruki yule fundi wa mabati, aliita mkutano akasema kila nyumba itoe chochote ilicho nacho. Watu hawakukubali upesi. Wengine walisema vitu vitaliwa njiani, havitafika. Wengine walisema watu wa Choma wana ng'ombe wengi kuliko sisi tulivyo na kuku. Mwanne, jirani yetu anayeuza vitumbua, akainuka na mkono kiunoni.

"Redio inatuambia kila siku tujitegemee," akasema. "Basi na hao wa Choma wajitegemee."

Watu wakacheka. Mzee Mabruki alingoja kicheko kiishe.

"Mwanne, wewe mwaka juzi paa lako liliruka na upepo. Ulijitegemea, au ulinitegemea mimi na nyundo yangu?"

"Wewe ni jirani yangu, Mzee. Wale nawajua mimi?"

Hapo, Shangazi, alikuwa amesema jambo lililokuwa mioyoni mwa wengi. Mimi pia nilikuwa nikijiuliza vivyo hivyo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, lakini Mzee Mabruki akaniona akasema mimi ndiye nitakayepita nyumba kwa nyumba, kwa kuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na sina kazi ya maana nyumbani. Unajua nilivyo. Nikisimama mlangoni kwa mtu, maneno yote hunikimbia. Nyumba ya kwanza nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikauliza kama wameamka salama, nikaondoka bila kuomba kitu.

Baadaye nilizoea kidogo. Watu walitoa karanga, mabakuli, sabuni, kanga zilizochakaa na blanketi. Hata Mwanne alinipa sufuria yenye mfuniko, akaniambia nisimwambie Mzee Mabruki. Lakini palikuwa na mama mmoja aliyeniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, kwa nini nimpe mtu nisiyemjua, na hapa kwangu hatushibi?" Nikamwambia shikamoo mara ya pili, nikaenda zangu.

Nikaja kumwuliza Bibi. Alikuwa akipepeta mchele barazani. Alinikumbusha habari ya baba yake, ambayo najua wewe umeisikia tangu utotoni: kwamba alikuwa mpagazi kutoka Manyema, akapata homa njiani, na msafara ukamwacha huko karibu na Usoke kwa sababu pembe za ndovu hazingoji mgonjwa. Watu wa pale walimwingiza ndani wakamnywesha uji. Hawakujua jina lake wala lugha yake. Bibi akasema kama wale watu wangeuliza wanamjua nani, basi yeye asingezaliwa, wala mwanaye Mfaume, wala mimi ninayemsumbua kwa maswali akiwa kazini.

Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoka na sanda.

Ndiyo, Shangazi, ileile. Ile bafta nyeupe ambayo wewe na Haji mliiosha kwa maji ya Zamzam huko Maka, mkamletea pamoja na kafuri na udi. Unajua anavyoitunza. Kila mwaka mwezi wa Shaabani huitoa na kuianika uani, nasi wote huambiwa tusipite karibu na mikono yenye mafuta. Nilifikiri labda ameitoa niianike. Akaniwekea mikononi.

"Peleka na hii," akasema.

Nilimwambia, Bibi, hii ni yako. Akasema anajua ni yake, ndiyo maana anaweza kuitoa, asingeweza kutoa ya mtu mwingine. Nikamwuliza, je, ukiihitaji? Naomba uyasome maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa tangu siku ile nayarudiarudia.

"Mimi nikifa leo, Waislamu wa Tabora watanisitiri. Ni wajibu wao, hawawezi kunitia kaburini uchi, hata Mwanne atachanga. Lakini mtu wa Choma akifa leo, jirani yake naye amelowa. Nani atamsitiri?"

Akarudi kwenye ungo wake. Niliichukua. Tafadhali ujue kwamba niliichukua kwa mikono yangu, na wala sikumwambia Baba kwanza.

Vitu vilikuwa vinakusanywa kwenye ofisi ya TANU, na akina mama wa UWT walikuwa wakivipanga kwenye magunia. Aliyeongoza ni Bi. Apolinaria, Mkatoliki, mke wa mwalimu. Alipoikunjua ile bafta, harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Akina mama waliacha kazi wakanitazama. Mwanne alikuwa pale, na yeye hawezi kukaa na neno.

"Ninyi akina Mfaume," akasema, "watu wamekikimbia kifo mpaka juu ya vichuguu, nanyi mnawatumia kifo kwa lori?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi. Apolinaria aliikunja polepole akaiweka dirishani, mbali na magunia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba itabidi waulize. Sikuweza kusema kwamba Bibi alinituma, wala kwa nini. Nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa. Njia nzima niliwaza kwamba huenda Mwanne amesema kweli, na kwamba mimi na Bibi kwa nia njema tumewafanyia wale watu uchuro. Ni sisi tunaoweka sanda sandukuni na kuiona kama akiba. Mtu asiye na desturi hiyo ataionaje?

Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imefika kwa Baba. Alikuwa ameketi kwenye cherehani na hakuinua macho. Aliniambia kwamba sasa mtaa mzima utasema Mfaume amemchoka mama yake, mpaka mama anagawa sanda yake. Kisha Bibi akakohoa kule ndani, na Baba akasimamisha gurudumu la cherehani mpaka kikohozi kikaisha. Hapo nilielewa kwamba si maneno ya mtaa yanayomtisha. Anaogopa kwamba mtu mgonjwa akitoa sanda yake, amekifungulia kifo mlango. Hawezi kumgombeza mama yake, kwa hiyo aliniambia mimi.

"Nenda ukairudishe kabla ya magharibi."

Nilikwenda, Shangazi. Nilikwenda nikiwa na nia ya kutii.

Nilipofika, lori lilikuwa limeshakuja, na pamoja na dereva alikuja mtu wa Choma kwenyewe, Msukuma aitwaye Masele, aje aone vitu na kuvisindikiza. Alikuwa amechuchumaa chini ya lile dirisha. Bi. Apolinaria alikuwa amemweleza kitambaa kile ni nini, ili asije akakichukua bila kujua. Masele alisema kwao huwafunika wazee wao kwa ngozi ya ng'ombe wanapowazika. Lakini ng'ombe walikufa majini na ngozi zimeoza pamoja nao. Baba yake walimzika na mkeka wa kukalia, na ulikuwa mfupi. Kuna wagonjwa wengine wamelala kwenye jengo la shule, akasema, na mikeka imekwisha. Hakulalamika wala kuomba. Kisha akaniona nimesimama mlangoni na macho yangu yako dirishani.

"Dada, hii ina mwenyewe?" akaniuliza.

Baba alikuwa amenituma. Ningesema tu kwamba ina mwenyewe na nimekuja kuichukua, na wala hakuna ambaye angenilaumu. Mwanne alikuwa akinitazama, na Bi. Apolinaria pia.

"Ina mwenyewe," nikasema. "Ni ya bibi yangu. Yuko hai, na amesema ni yenu."

Masele aliipokea kwa mikono miwili. Mwanne alichukua gunia safi, akalikung'uta, akamfungulia Masele mdomo wa gunia.

Nilirudi mikono mitupu, nikamwambia Baba nilivyosema. Hakunipiga wala hakunitukana, na ingekuwa afadhali. Aliendelea kushona. Jana asubuhi nikamwona anavaa kanzu na kofia kama anayekwenda msikitini, akaenda ofisini mwenyewe kabla lori halijaondoka. Nilijua anakwenda kuirudisha. Nilikaa jikoni nikapuliza moto uliokwisha kuwaka.

Aliporudi hakuwa na kitu. Alisimama mlangoni mwa jiko.

"Yule kijana wa Choma," akauliza, "baba yake walimzika na nini?"

Nikamwambia, na mkeka.

"Na ulikuwa mfupi?"

Nikasema ndivyo alivyosema; nikajua Baba naye ameyasikia hukohuko ofisini.

Baba akatikisa kichwa, akaenda kuketi kwenye cherehani. Sikusikia ikizunguka mpaka adhuhuri. Lori limekwenda na sanda, Shangazi.

Sasa naogopa mambo mengi. Naogopa kwamba umekasirika unaposoma hapa, kwa kuwa ninyi mliibeba sanda ile toka Maka hadi Tabora, na mimi nimeitoa kwa maneno machache. Naogopa kila Bibi anapokohoa. Naogopa kwamba likitokea jambo, Baba atakumbuka siku ile nilipomwasi, na mimi pia nitaikumbuka, na sijui nitajibu nini. Kama nimekosa, niambie wazi. Ni afadhali nikemewe na wewe kuliko kuendelea kukisia.

Lakini yule mama aliyeniuliza kwa nini ampe mtu asiyemjua, leo nadhani ningeweza kumjibu kidogo. Shida ya kila siku tunasaidiana wa mlango kwa mlango, nami nikikosa chumvi nakwenda kwa Mwanne. Balaa kama hili linawachukua majirani wote kwa pamoja. Kila mlango wa kubisha hodi umeanguka. Hapo lazima atoke mtu wa mbali ambaye hajalowa, na mtu wa mbali hawezi kuwa mtu unayemjua. Bado sijaenda kumwambia. Naona haya. Labda kesho.

Jana jioni nilimwuliza Bibi kama nikuandikie umtumie nyingine. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ukituma nyingine ataitoa tena, na safari hii ataipeleka mwenyewe kwa miguu. Kisha akaniuliza kama treni ya kutoka Kigoma bado inaingia asubuhi. Mimi sikuthubutu kumwuliza kwa nini anataka kujua.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba usitume sanda. Njoo wewe. Njoo sasa, anapoweza kukutania na kukuuliza umenenepa kwa sababu gani. Najua mwanzoni nimesema usifunge safari. Nimeandika barua hii tangu asubuhi, na nilipofika hapa nimeona kwamba sikusema kweli.

Nisalimie sana Haji Abasi na uniombee msamaha kwake. Nisalimie Zamda na wadogo zake, na jirani yenu Bi. Josepha aliyenifundisha kusuka ukili. Mama anawasalimu bila kujua nakuandikia, kwa sababu huwasalimu kila siku. Mungu awalinde na maji na homa, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mwana wa kaka yako, akupendaye na anayekungoja,

Swaumu binti Mfaume