Pini Ulizozipa Majina ya Rangi

Kaka yangu Magesa,

Tangu tukuzike Butiama sijawahi kukuhitaji kama leo. Ninaogopa, kaka.

Unakumbuka kibanda chetu cha kutengeneza redio pale Nyasura, miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni? Nyaya tulizing'oa kwenye vyombo vibovu, rangi yoyote iliyopatikana. Nikikuuliza mbona mwekundu umekaa mahali pa mweusi, unacheka: "Wewe mtoto, umeme haunaga macho." Nilikuamini kwa kila kitu.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi, tajiri mmoja akajenga kiwanda Bunda na kuleta kompyuta ndogo ya kuendesha mashine ya kufunga marobota. Programu yake uliandika wewe, na kila pini, kile kijino cha kompyuta kinachofungwa waya, ukaipa jina la rangi ya waya wake. NYEKUNDU inapandisha sahani ya kukandamiza, NJANO inateremsha, KIJANI inasimamisha. Nilikuomba tuandike kazi ya kila pini. Ukasema majina marefu yanachosha vidole, na mafundi ni sisi wawili tu, nani atapotea? Nikakubali, mjinga mimi.

Juzi tulibadilisha nyaya chakavu kwa rangi zilizopatikana. Nikafuata majina yako: waya wa kijani kwenye pini ya KIJANI. Kumbe safari hii waya wa kijani ndio unaokwenda kwenye sehemu ya kuteremsha. Bhoke, anayefunga marobota, alikuwa anataka kupitisha kamba chini ya sahani. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, sahani ikashuka. Alichomoa mkono, kipande cha shati kikabaki kimebanwa.

"Dada, si ulisemaga hii kitu inasimama?" aliniuliza.

Nilikukasirikia, halafu nikajikasirikia zaidi, maana waya niliufunga mimi.

Nimefuta majina yote ya rangi kwenye programu. Sasa ni PANDISHA_SAHANI, TEREMSHA_SAHANI, SIMAMISHA_SAHANI. Nimefuata kila waya kwa kidole, kutoka kwenye pini hadi kwenye mashine, mara tatu. Je, kama kuna pini niliyoipa jina zuri la uongo?

Mchana huu tunawasha. Bhoke ana watoto wanne na anataka kurudi kazini, lakini nimemkataza asiguse kamba leo. Ya kwanza nitaipitisha mimi, kwa mkono huu ninaokuandikia. Kitufe atabonyeza yeye.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako wa kike